Hakuwepo 1948, lakini anaikumbuka

Wengi hudhani kijana wa Gaza anayeitaja Nakba (“janga”) ya 1948, Wapalestina walipopoteza makwao Israeli ilipoundwa, anakariri tu hadithi za babu, na kwamba wazee wakiisha, nayo itazikwa. Sivyo. Mwaka ule Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao. Kabla ya vita vya 2023, takriban watu 7 kati ya 10 wa Gaza walikuwa wakimbizi waliosajiliwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, wengi wao wajukuu na vitukuu, maana usajili huo hurithiwa kwa baba. Muulize mtoto wa kambi ya Jabalia kwao ni wapi. Huenda akakutajia kijiji ambacho hajawahi kukitia machoni.

Tena kumbukumbu hii huamua mambo. Oktoba 13, 2023, Israeli ilipowaamuru watu wapatao milioni 1.1 wa kaskazini wahamie kusini, baadhi walikataa katakata: waliotoka 1948 nao walidhani ni kwa siku chache tu. Mapigano yaliposimama Januari 2025, mamia ya maelfu walirudi kaskazini, wengi kwa miguu kupitia barabara ya pwani, hata waliojua fika kwamba nyumba ni kifusi.