Je, wajua kwa nini pimbi ni ndugu wa tembo?

Ukimwona pimbi akiota jua juu ya mawe ya Serengeti, utaapa ni aina ya panya. Hujakosea peke yako. Mwaka 1766 mtaalamu Peter Simon Pallas alipompa jina la kisayansi alimwita Cavia capensis, yaani akamtia jenasi moja (kundi la spishi zilizo karibu) na simbilisi, ambaye ni wa jamii ya panya.

Lakini mwangalie kwa karibu. Vidole vyake, vinne mbele na vitatu nyuma, karibu vyote vina kucha bapa zinazofanana na kwato ndogo. Kutoka taya la juu zimechomoza pembe mbili fupi ambazo hazikomi kukua, nazo ni meno ya mbele, kama zilivyo pembe za tembo. (Za ngiri ni chonge, habari nyingine kabisa.) Dume lake ana kokwa ndani ya tumbo, sawa na tembo dume. Mimba nayo huchukua miezi saba hivi, muda mrefu mno kwa mnyama wa kilo nne. Sungura huzaa baada ya mwezi mmoja tu.

Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye majina ya wanyama yanahesabiwa tangu kitabu chake cha 1758, aliwapanga viumbe kwa himaya, ngeli, oda, jenasi na spishi. Faila na familia ziliongezwa baadaye. Kila kundi limo ndani ya lile lililo juu yake. Yeye alitazama maumbile. Siku hizi kinachotafutwa ni nasaba, na vinasaba ndivyo shahidi mkuu.

Kwa hiyo pimbi, panya na tembo wote ni ngeli ya mamalia, ila kila mmoja ana oda yake. Undugu wa pimbi na tembo unaonekana wapi basi? Kati ya ngeli na oda. Ngazi saba za darasani hazikutosha, wataalamu wakaongeza nyingine, na mwaka 1998 kundi moja la hapo likapewa jina Afrotheria. Humo wamo tembo, pimbi, perere, nguva na muhanga.

Yumo pia sengi, mwenye sura ya panya hasa. Sengi wa milima ya Udzungwa, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008, hafiki hata kilo moja, lakini kinasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya wa jikoni kwako.