Imani na matendo: Paulo na Yakobo wanapingana?

Hapa Bagamoyo neno "kukomboa" lina uzito wake. Baada ya misheni ya Wakatoliki kufunguliwa mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walilipa fedha kuwatoa watu utumwani, wengi wao watoto, kama mtu anavyokomboa kitu kilichowekwa rehani. Mtoto aliyekombolewa hakuchangia hata pesa moja. Maisha yao ya baadaye katika kijiji cha misheni yana habari zake ndefu. Mimi hapa nazungumzia malipo tu.

Paulo anasimama hapohapo. Katika Warumi 3:28 anasema mwanadamu "huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria". Kuhesabiwa haki ni kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Sikiliza kitenzi chenyewe: kuhesabiwa. Anayehesabu ni Mungu. Paulo alikuwa akiwajibu waliotaka watu wa mataifa watahiriwe na kushika torati ndipo wakubaliwe.

Yakobo ana mgonjwa mwingine. Mbele yake yupo muumini anayemwona ndugu hana nguo wala riziki ya siku, anamwambia nenda kwa amani, ukaote moto, ukashibe, kisha hampi kitu. Huyo ndiye anayeambiwa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, "si kwa imani peke yake" (Yakobo 2:24). Ukisoma mstari huo peke yake utadhani wanagombana. Rudi mstari wa 19: mashetani nao wanaamini, na wanatetemeka. Imani anayoikataa Yakobo ni ya kukiri kwa mdomo na kuishia hapo, na hiyo Paulo hakuihubiri kamwe. Yake ni "imani itendayo kazi kwa upendo" (Wagalatia 5:6).

Wote wawili wanamtaja Abrahamu, na kwangu mimi fundo linafunguka hapa. Paulo anashika Mwanzo 15, Abrahamu anapooneshwa nyota, akaamini ahadi ya uzao na kuhesabiwa haki. Yakobo anashika Mwanzo 22, mwanawe Isaka akiwa juu ya madhabahu mlimani. Kati ya sura hizo imepita miaka mingi, na imani iliyopanda mlima ni ileile ya usiku wa nyota.

Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, aliposhikilia "imani peke yake", Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitoa jibu lake mwaka 1547. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, naye Roho anatuita na kututayarisha kwa matendo mema. Tofauti zimebaki, mojawapo ikiwa kama aliyehesabiwa haki bado aitwe mwenye dhambi.

Na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu? Hakutoa sadaka, hakupata muda wa kurekebisha chochote, akaahidiwa peponi siku hiyohiyo. Lakini soma Luka 23:40. Kabla ya kuomba akumbukwe, alimkemea mwenzake aliyekuwa akimtukana Yesu, akakiri kosa lake mwenyewe. Mikono ilikuwa msalabani. Ulimi tu ndio uliobaki huru, akautumia.