Mbuzi mawe wa vilima vya Dodoma, na mzee mwenye shamba la mtama

Nikimwambia mtu hapa mjini Dodoma kwamba kazi yangu ni mbuzi mawe, swali la kwanza huwa ni bei ya kilo. Anadhani nafuga. Akishaelewa kwamba ni mnyamapori anasema "aah, digidigi", na hapo ndo inabidi nianze upya, manake digidigi ni wa huku chini vichakani, ana kipua kirefu kinachezacheza, huyu wangu anakaa juu ya mawe kama jina lake linavyosema. Vijijini afadhali, wanamjua, ila wengi wanamuita paa, na kwa kweli kule kila kitu kidogo chenye miguu minne na pembe ni paa tu.

Sasa kwa wale ambao hawajawahi kumuona. Ni mdogo, mkubwa wao hafiki kilo 20, wengi wako kwenye 10 na kitu, kimo chake kinaishia kwenye goti lako au juu kidogo. Anasimama kwenye ncha za kwato, yaani kama binti wa kwenye shoo anayetembelea vidole, na kwato yenyewe imekua duara, ndo maana nyayo zake mchangani utaona viduara viwili viwili tu na siyo ile alama ndefu iliyochongoka ya mbuzi wa nyumbani. Anaweza kusimama na miguu yote minne juu ya kijiwe ambacho we mwenyewe huwezi kuweka unyayo mmoja ukatulia. Manyoya yake ni magumu, ndani yana uwazi, yanang'oka kirahisi sana, mbwa akimdaka mgongoni anabaki na mdomo umejaa manyoya mnyama keshapanda. Zamani wazungu walikuwa wanayatumia kujazia matandiko ya farasi. Na hawa wa kwetu Tanzania mara nyingi hata jike ana pembe, kwa hiyo ukiona wawili wote wana pembe usikimbilie kusema ni madume.

Wanaishi wawili wawili. Hiki ndo kitu kinachonifanya niwapende kuliko swala wote, dume na jike wanakaa pamoja miaka, mmoja akila mwingine anachunga, na wakiona hatari wanapiga mluzi kwa kupokezana. Ukiusikia asubuhi ukiwa chini ya mlima unajua umeshaonekana, kaa chini unywe chai yako kwanza.

Kimataifa huyu mnyama hayuko kwenye hatari ya kutoweka. Nasema hilo mapema kwa sababu kuna watu wanadhani bila kusema "anatoweka" hakuna anayekusikiliza. Mwenye hali mbaya kweli kwenye milima ya huku ni minde, yule swala mkubwa mweusi wa misituni, hayupo nchi nyingine yoyote duniani zaidi ya Tanzania, wataalamu wanakadiria wamebaki chini ya 1,500, na ni mwaka 2003 tu ndo alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza, kule Udzungwa, kwa kamera ya kutegea. Huyo yuko kwenye misitu ya Rubeho pia, upande wa Mpwapwa na Kilosa, ila stori yake ni nyingine na ni ndefu. Mbuzi mawe kwa Afrika nzima yuko salama, kinachotokea ni kwamba anapotea kilima kimoja kimoja na hakuna anayegundua.

Angalia ramani ya mkoa wetu, au panda tu juu ya jiwe lolote pale mjini uangalie. Utaona tambarare, tambarare, halafu kilima cha mawe kimejitokeza kama kisiwa, halafu tambarare tena, mtama, uwele, alizeti, zabibu ukielekea Hombolo, halafu kilima kingine. Kwa mbuzi mawe kile kilima ni kisiwa kweli. Pea moja inashika eneo lake na kulilinda, kwenye sehemu zenye mvua nzuri kama milima ya Simien kule Ethiopia hekta kama 8 zinawatosha, ukija kwenye ukame mkali wa Afrika Kusini wamepimwa hadi hekta 49. Sisi hapa tunapata mvua msimu mmoja, kwenye milimita 500 na kitu au 600 kwa mwaka, kwa hiyo kilima kidogo kinabeba pea moja, kikubwa pea mbili tatu. Wanazaa mtoto mmoja kwa wakati. Yule mtoto akikua baba hamtaki tena, lazima aondoke, na kuondoka maana yake nini? Ashuke chini, avuke mashamba ya watu, afike kilima kingine ambako labda kuna jike hana mwenza.

Hapo ndo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa uhifadhi. Wao wakisikia mnyama wa milimani wanataka tulinde mlima. Mlima unajilinda aisee! Nani atalima juu ya jiwe? Ukiacha wavunja kokoto, na tangu serikali ihamie rasmi huku biashara ya kokoto imekua kubwa mno na kuna vilima pembezoni mwa jiji ambavyo vinaliwa ukiviangalia, ukiacha hao, juu hakuna mtu mwenye shida nako. Shida iko kwenye ule mkanda wa vichaka pale jiwe linapokutana na shamba. Mbuzi mawe hali mawe. Anakula majani machanga, maua, matunda ya mikole, vichipukizi, na vingi vya hivyo viko chini na pembeni, siyo kileleni. Mtoto wake anafichwa kwenye vichaka miezi miwili mitatu ya mwanzo, analala palepale kimya mama anakuja kumnyonyesha. Na huo mkanda ndo huohuo mama anakata kuni, kijana anachoma mkaa, mbuzi wa nyumbani wanapanda mchana, na mkulima kila mwaka anaongeza mistari miwili ya mtama kwenda juu kwa sababu udongo wa pale bado una nguvu. Ukija baada ya miaka 10 shamba limegusa jiwe. Mlima upo, mbuzi mawe hayupo, na hakuna aliyemuua.

Nikaenda kijiji kimoja, sitakitaja, na hoja yangu hiyo nimeipanga vizuri kwenye laptop. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nikaanza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watu wakacheka wakaitikia, nikajua siku yangu imekaa vizuri. Nikaongea kama nusu saa. Akasimama mzee mmoja mwenye shamba palepale chini ya mlima, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, wewe unamlinda paa. Mimi nani ananilinda na nyani?" Watu wakapiga makofi, na mimi kwa kweli sikuwa na jibu, nikasema nitalifanyia kazi, yale majibu ya ofisini.

Na mzee alikuwa sahihi. Mkulima haangalii mlima akaona mbuzi mawe, anaona nyani wanaoshuka saa 12 asubuhi, anaona pimbi, anaona chui aliyebeba mbuzi wake mwaka juzi. Kichaka kwake ni maficho ya adui. Anapokifyeka anasafisha mipaka ya shamba lake kama mtu mwenye akili timamu. Ukija na bango la kumuelimisha kana kwamba hajui, atakusikiliza kwa heshima, atakupa mlenda na ugali wa uwele ule ushibe, na kesho anafyeka.

Kuna na jingine ambalo vijana wa mjini hatulijui. Wazee wa Kondoa ukiwatajia neno hifadhi wanakumbuka mbali. Ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yote yaliyoliwa na mmomonyoko kule Kondoa. Ardhi ilipona, hilo halina ubishi, makorongo yaliyokuwa yanatisha yakaota majani na miti. Ila mtu aliyeondolewa na ng'ombe wake hakumbuki majani, anakumbuka ng'ombe. Kwa hiyo ukija na neno hilo jua unalibeba na historia yake.

Tulichofanya baadaye kilianza kwa kukaa na yule mzee shambani kwake siku nne. Nyani wanashukia wapi? Wanashukia kwenye mbuyu mmoja, siyo kwenye kichaka. Kichaka walikuwa wanakizunguka, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya chui. Kwa hiyo mistari ya upande wa mbuyu akaacha mtama akapanda ufuta, ambao nyani wa pale hawahangaiki nao sana, na wenye mashamba ya jirani wakapanga zamu za kulinda badala ya kila mtu kumtoa mtoto shule akafukuze nyani. Haijamaliza tatizo. Msimu uliopita walikula bado, wamepungua tu. Lakini maongezi yakabadilika, manake sasa tulikuwa tunaongea kuhusu shida yake kwanza.

Halafu tukaja kwenye mteremko. Hapa sikutaja mnyama kabisa. Tuliongelea korongo lililokuwa linapanda kutoka barabarani kuja shambani, kila masika linaongeza hatua kadhaa, na kila mtu alikuwa anajua kwamba maji yanatoka kule juu kwenye jiwe yanashuka yakiwa na hasira kwa sababu hakuna cha kuyapunguza. Dodoma tuna bahati moja, kisiki hai kinaeleweka. Ile ya kuchagua machipukizi kwenye kisiki kilichokatwa, unaacha mawili matatu yaliyonyooka, unapogoa, unaweka alama ya kitambaa ili mtu asikate, na mti unarudi haraka kuliko kupanda mche kwa sababu mizizi ipo tayari chini. Haihitaji kitalu wala kumwagilia. Wakakubaliana kuacha mkanda wa hatua kama 30 chini ya jiwe uote, mle mizinga ya nyuki iruhusiwe, kuni za matawi makavu ziruhusiwe, mkaa hapana. Ikaingizwa kwenye sheria ndogo za kijiji na kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kijiji kinayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ila lazima halmashauri ya wilaya iipitishe ndo ianze kufanya kazi. Nyuki nao wakasaidia kitu ambacho sikukitegemea, wachoma mkaa hawapendi kufanya kazi chini ya mizinga.

Mbwa ndo ilikuwa ngumu. Mbuzi mawe akifukuzwa anakimbilia juu ya jiwe, anasimama, anageuka kuangalia. Kwa chui hiyo ni akili, ameshakuwa mahali chui hawezi kumfikia kirahisi. Kwa mtu mwenye mbwa watatu na upinde ni kujipeleka mwenyewe, mbwa wanamshikilia pale juu kwa kelele mtu anakuja taratibu. Na ni kosa kisheria, bila kibali huwindi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi. Ila mi siyo askari, na kijana anayefanya hivyo ni mpwa wa mwenyekiti, mnaelewa. Kilichopunguza ni wenyewe kwa wenyewe, mama mmoja alisema mbwa walewale wameua kuku wake na mkutano ukaamua mbwa wafungwe mchana. Mbuzi mawe kaokolewa na kuku! Nyaya za kutega bado tunaziokota, mwezi uliopita nimetoa saba peke yangu, zote za kutoka kwenye tairi zilizochomwa.

Kitu kimoja naomba tuache, wadau. Kuahidi watalii. Kuna mradi ulipita kabla yangu ukawaambia watu wageni watakuja kuangalia mbuzi mawe na pesa zitaingia kijijini, wakajengewa na kibanda. Hakuna aliyekuja. Mtalii anayetaka milima ya Dodoma anaenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, na ana haki, ile ni urithi wa dunia tangu 2006. Kile kibanda saiv kinalala ndama, na mimi kila nikifungua mdomo kwenye kile kijiji naulizwa kwanza wageni wako wapi. Deni siyo langu ila nalilipa mimi. Bora umwambie mtu ukweli, huyu mnyama hatakuletea hela, lakini hali mtama wako, hana ugomvi na wewe, na kile kichaka anachokihitaji ndo hichohicho kinachozuia korongo lako.

Mwezi wa pili mwaka huu mzee alinipigia simu saa 1 asubuhi. Kuna kilima kidogo upande wa pili wa mashamba, mawe kama nyumba nne tano zimerundikana, miaka yote niliyokuwa nakwenda pale sijawahi kukuta hata kinyesi. Akasema, "Kuna paa wako amesimama pale juu ananiangalia." Nikachukua boda, nikafika jua limeshakuwa kali, mnyama hayupo. Ila kwenye mchanga kati ya ufuta na ile miti ya visiki kulikuwa na viduara, viwili viwili, vimevuka shamba zima kwa mstari mmoja mpaka kwenye mawe. Mmoja tu, mdogo mdogo, nahisi dume. Nikapiga picha mpaka simu ikaisha chaji.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe begani. "Sawa, akae," akasema. "Ila umwambie asije na nyani."