Seli shina zinaingiaje kwenye mishipa ya damu kukakamaa?

Huku kwetu mtu akiwa na presha au sukari miaka mingi utasikia wanasema mishipa yake imekauka, na picha inayokuja kichwani ni ya bomba la zamani lililojaa uchafu mpaka maji hayapiti vizuri. Ndio maana pale paki ya taksi Kampala hukosi mtu wa kukuuzia dawa ya chupa eti inaosha mishipa. Lakini bomba halina uhai jamani, mshipa ni nyama, una seli hai kibao, na ile kalsiamu inayoufanya uwe mgumu haijajibandika tu yenyewe, mara nyingi ni seli za ukuta wa mshipa ndizo zimeanza kujenga kitu kama mfupa mahali ambapo mfupa hautakiwi. Madini yake ni yale yale ya mfupa, na Rudolf Virchow, yule daktari Mjerumani wa karne ya 19, alishaona kwa darubini kwamba hii kitu inafanana na mfupa kweli.

Sasa seli gani hizo? Ukuta wa ateri una matabaka matatu, la ndani linagusana na damu, la katikati limejaa misuli inayobana na kuachia, la nje ni la kushikilia. Ndani ya huo ukuta kuna pia seli shina chache, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi, zinaweza kugeuka misuli, mafuta, gegedu au mfupa kutegemea zimepewa amri gani. Mshipa ukiwa mzima zimetulia tu. Ukiumia, labda presha imeupiga muda mrefu, au sukari, au sigara, au figo zimeshindwa na fosfeti (chumvi ya chakula ambayo figo huitoa kwa mkojo) imepanda kwenye damu, zinaamka zinaanza kuzaana kama zinataka kuziba jeraha, halafu kwa zile amri mbovu zinazozunguka pale baadhi zinafuata njia ya mfupa.

Mwaka 2012 timu ya Song Li pale Berkeley, Marekani, ilisema seli shina zilizolala kwenye ukuta wa mshipa ndizo chanzo, siyo seli za misuli kama vitabu vilivyokuwa vinafundisha. Wenzao wengi walikataa, na tafiti za kufuatilia seli tangu zilipotoka zimeonyesha kweli seli za misuli nazo zinabadilika sana. Halafu 2016 watafiti Rafael Kramann na Benjamin Humphreys wakaja na panya wenye ugonjwa wa figo: walipoziondoa mapema seli shina fulani za tabaka la nje, zinazotambulika kwa jeni ya Gli1, kalsiamu haikujaa kwenye mishipa. Mimi naona hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu kuona seli mahali pa tukio ni tofauti na kuitoa halafu tatizo likakosekana. Ila ni panya, tusisahau, na inawezekana kabisa pande zote mbili zinachangia, misuli na seli shina.

Kuna na breki. Mwili unatengeneza protini inaitwa MGP inayozuia kalsiamu isijae kwenye nyama laini, na 1997 panya waliozaliwa bila jeni yake walikufa ndani ya miezi miwili hivi, mishipa imejaa kalsiamu mpaka inapasuka. Hiyo protini inahitaji vitamini K ndio ifanye kazi, vitamini ambayo iko kwa wingi kwenye majani kama dodo na sukuma. Lakini usikimbilie vidonge, majaribio kwa watu hayajatoa jibu moja, na kama unameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya vali ya moyo usibadilishe kiasi cha mboga kabla hujaongea na daktari, maana vitamini K na hiyo dawa zinavutana.

Kwa hiyo kuacha maziwa eti kalsiamu itajaa kwenye mishipa, hapana, shida hapa ni amri walizopewa wajenzi kuliko maziwa unayokunywa. Na tiba ya seli shina ya kulainisha mishipa iliyokwisha kukakamaa bado haijathibitishwa, akikuuzia mtu kwa mamilioni muulize maswali. Kilichopo ni cha kawaida tu, dawa za presha kila siku, sukari ishuke, sigara iachwe. Wenzetu wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, kama pale hospitali ya Kiruddu, Kampala, wao wana kazi ya ziada ya kubana fosfeti, na hapo soda nyeusi za kola ni kati ya vitu vya kwanza kuondoka mezani kwa sababu zimewekwa asidi ya fosforiki, ambayo ni fosfeti tu mwilini.