Ukishinda Kesi, Hurudishiwi Fedha Yote Uliyomlipa Wakili

"Wakili, wewe taja ada yako tu, tukishinda yule atailipa." Maneno haya nayasikia mno kutoka kwa watu wanaokuja kufungua madai ya viwanja na mikataba iliyovunjwa, nami yamenichosha, kwa sababu wapo wanaouza gari au kukopa kwenye vikoba wakiamini kwamba fedha hiyo itarudi mikononi mwao kama ilivyotoka. Hairudi yote.

Kwanza, gharama za kesi si haki ya moja kwa moja. Hapa Tanzania, kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaziweka katika hiari ya mahakama. Kwa kawaida aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, lakini jaji mwenye sababu anaweza kuamuru kila upande ubebe gharama zake, jambo ambalo si geni pale ndugu wa damu wanapogombania mirathi. Amri hiyo ikitoka, habari ya kurudishiwa imekwisha.

Ukipewa gharama, ndipo kazi nyingine inapoanza. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inakupa siku 60 kuwasilisha bili ya gharama, ambayo ni jedwali la tarehe, kazi iliyofanyika na kiasi kinachodaiwa. Katika Mahakama Kuu, Naibu Msajili, ofisa wa mahakama ambaye hapa ndiye mkadiriaji wa gharama, huipitia mstari kwa mstari. Ada ya mahakama yenye risiti hupita bila maneno. Teksi ya kutoka Tegeta isiyo na risiti hukatwa. Siku ambayo shauri liliitwa na kuahirishwa papo hapo nayo hupunguzwa.

Mzozo mkubwa huwa kwenye ada ya wakili yenyewe, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Mkadiriaji hajiulizi mteja alimlipa wakili wake kiasi gani. Anajiuliza ni kiasi gani aliyeshindwa anastahili kubebeshwa kwa kazi ya namna hiyo, kwa kufuata majedwali ya viwango yaliyomo katika Amri hiyo ya Malipo ya Mawakili. Makubaliano ya ada ni yako na wakili wako, na mpinzani wako hakuwepo mlipoyafikia. Tuseme ulikubali kulipa shilingi milioni 12, na mkadiriaji akaona kazi ile inastahili milioni 4: hizo milioni 8 zinabaki kuwa mzigo wako, hata kama umeshinda kila hoja. Hakuna aliyekuibia, wala Naibu Msajili hajahongwa.

Wapo wanaonishinikiza tuandike kiasi kikubwa ili kikikatwa kibaki cha kutosha. Hilo silifanyi, na Amri yenyewe ina dawa yake: ikikatwa zaidi ya moja ya sita ya bili, ukiacha ada za mahakama, aliyeiwasilisha hapati gharama za ukadiriaji huo.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita kimyakimya. Katika madai yasiyo na kiasi maalumu cha fedha, makadirio hupishana sana kutoka mkadiriaji mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba nami mwenyewe husita kumtajia mteja kiwango. Hata juu ya ulazima wa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa ada ya wakili, maamuzi ya Mahakama Kuu yamewahi kupishana. Ndiyo maana nasisitiza: dai risiti kila unapolipa, hata ukilipa kwa simu. Asiyeridhika na makadirio ana siku 21 za kupeleka malalamiko yake kwa jaji.

Kiasi kikishapatikana, bado ni deni. Mdaiwa asipolipa, unarudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, na kumtafuta dalali wa mahakama wa kukamata mali, na kwa mtu asiye na mali ya kukamatwa amri yako inabaki karatasi tu.

Kwa hiyo, unapochagua wakili, hakiki jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, kisha omba makubaliano ya maandishi yanayotenganisha ada yake na ada za mahakama. Baada ya hapo muulize bila haya: "Tukishinda, kwa viwango vya Amri, kiasi gani kinaweza kurudi?" Akikujibu kwamba kitarudi chote, tafuta wakili mwingine kabla hujatia saini.