Eti hesabu ni za wavulana?

Huku Mombasa bado utamsikia mzazi akimwambia bintiye anayechagua masomo ya sekondari: "Hesabu waachie wavulana, mwanangu." Si kweli. Mwaka 2014 Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, alipata Nishani ya Fields, tuzo kubwa mno ya hisabati. Naye shuleni kuna mwaka somo hilo lilimlemea. Mwaka uliofuata akapata mwalimu wa kumtia moyo, akang'ara.

Juzi sokoni Kongowea msichana alinipimia nyanya kilo mbili unusu, nikampa noti ya elfu. Chenji ikanifikia kabla sijafunga mfuko.

Kinachowaangusha wengi, wake kwa waume, ni sehemu walizoziruka shule ya msingi bila kuzielewa, maana aljebra husimama juu yake. Hizo hurudiwa, hata sasa.