Kiti nilichokisogeza

Picha yangu iliyosambaa mtandaoni kuliko zote ina uongo ndani yake, na uongo huo niliutia mimi.

Nilikuwa Volterra, mji wa kilimani huko Toscana, Italia, ndani ya jengo mojawapo la iliyokuwa hospitali ya magonjwa ya akili. Ukumbi mrefu, rangi imebanduka kutani, majani yameingia madirishani. Kiti cha magurudumu nilikikuta pembeni. Nikakivuta hadi katikati ya mlango, nikakigeuza kiitazame kamera. Lenzi pana, kamera juu ya stendi, sekunde 20 za kupokea mwanga. Nyumbani nikaipunguzia picha rangi za joto mpaka kuta zikawa kijani kama maji ya kisima kisichotekwa.

Maoni yakamiminika. "Hapo majini matupu." "Uliingiaje bila kusoma Ayatul Kursi?" Mwingine akaiita "Mirembe ya Wazungu", utani wetu ule ule uliolifanya jina la hospitali ya Dodoma kuwa tusi. Sikufurahi, ila nimlaumu nani? Niliwatisha, wakatishika. Lenzi pana huurefusha ukumbi kupita ulivyo. Sekunde 20 hufuta chochote kinachotikisika, hata majani yanayopepea, kila kitu kikaonekana kimekufa. Na kiti kitupu kikikutazama, lazima umtafute mwenyewe. Mzimu wenyewe ndio huo.

Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin walipiga picha katika hospitali za Italia za namna hii zikiwa bado na watu. Vichwa vimenyolewa, sare zimewapwaya, wengine wamefungwa. Picha hizo zilitoka kitabuni mwaka 1969, kilichoandaliwa na daktari Franco Basaglia na mkewe, Franca Ongaro. Hapo hapakuwa na mzimu wa kutafuta. Binadamu alikuwa mbele ya macho. Tarehe 13 Mei 1978 ikapitishwa Sheria namba 180, na hospitali hizo zikaanza kufungwa. Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba inasikitisha pale palivyotelekezwa, mimi hujiuliza: alitaka paendelee?

Picha ninayoipenda mwenyewe haina kiti. Ni ya ukuta wa nje wa jengo la Ferri, walikowekwa wagonjwa waliopelekwa na mahakama. Fernando Oreste Nannetti, mtu wa Roma aliyeletwa Volterra mwaka 1958, alichukua bizimu la chuma la kizibao chake cha sare akaanza kuuchora ukuta: herufi, nyota, vyombo vya angani, safu baada ya safu, kiasi cha mita 180. Husimuliwa kwamba wenzake waliokaa kwenye benchi bila kujongea hakuwaondoa. Aliandika kuvizunguka vichwa vyao, pakabaki nafasi tupu.

Ukuta huo usiupige jua likiuelekea usoni. Mwanga wa mbele hulainisha plasta yote, usione kitu. Ngoja mwanga uje wa ubavuni, kila mkwaruzo utoe kivuli chake. Na uwahi, maana plasta inazidi kudondoka. Vipande vingine vimeshabanduliwa vikahifadhiwa.

Niliibandika picha hiyo. Ikapendwa na watu kumi na mmoja.

Ile ya kiti inaendelea kuzunguka, na ndiyo iliyomfikia mama mmoja wa Livorno. Babu yake alifia Volterra na familia haikupata barua yake hata moja. Hilo halikunishangaza: barua nyingi za wagonjwa wa pale hazikutumwa, zilibaki kwenye majalada yao. Hakuuliza habari za majini. Aliuliza kiti kile kilikuwa chumba gani, maana babu yake mwishoni hakuweza kutembea, na alitaka kujua mtu aliyekaa pale aliona nini.

Ikabidi nimwambie kwamba nilikisogeza. Nilikikuta kando ya dirisha, kimetazama nje.